Mama Karanga wa Msambweni na Samaki Wadogo

Msambweni ni mji mdogo wa Kaunti ya Kwale, yapata kilomita 50 kusini ya kivuko cha Likoni, kando ya barabara kuu iendayo Lunga Lunga na mpaka wa Tanzania. Watu wengi wa bara hulijua jina lake kwa ajili ya hospitali yake kubwa. Wengine huupita tu ndani ya matatu, wakaona minazi, miembe na mikorosho, wakadhani kwamba hapo hapana jambo. Lakini msafiri akishuka garini na kuifuata njia ya mchanga iteremkayo pwani, atawakuta watu wengi wenye kazi nzito, wasio na mshahara wa mwezi wala likizo ya mwaka, nao ndio wanaoulisha mji. Miongoni mwao wako wanawake waitwao mama karanga. Mgeni alisikiapo jina hilo hudhani kwamba ni wauza njugu. Sivyo. Kukaranga ni kukaanga, kama njugu zikarangwavyo, na wanawake hawa ni wakaangaji wa samaki.

Ili kazi yao ieleweke, yafaa kwanza kueleza mambo ya bahari, maana hakuna katika mji huo asiyetawaliwa nayo, hata yule asiyejua kuogelea.

Mkulima hutazama mawingu. Mvuvi hutazama mwezi na upepo. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua, na tofauti baina ya maji kujaa na kupwa huweza kupita mita 3. Katikati ya bamvua mbili huja maji mafu, ambapo bahari hujaa kidogo na kupwa kidogo. Kila siku maji huchelewa kadiri ya dakika 50 kuliko jana yake, kwa hiyo mvuvi hana saa moja maalumu ya kwenda kazini: juma hili ataondoka alfajiri, juma lijalo ataondoka adhuhuri. Karani aliyezoea kuingia afisini saa mbili kila asubuhi angeona taabu kubwa kuishi kwa saa ya namna hiyo.

Juu ya hayo ziko pepo. Kuanzia mwezi wa Novemba hata Machi huvuma kaskazi, na bahari huwa tulivu. Mwenye ngalawa au mashua aweza kutoka nje ya mwamba na kurudi na nguru au kolekole. Kuanzia Aprili huingia kusi. Upepo huu hupata nguvu zake zote mnamo Juni, Julai na Agosti, na mawimbi ya nje ya mwamba huwa si ya kuchezewa na chombo kidogo. Wavuvi wengi basi hubaki ndani, katika maji haba yaliyo baina ya mwamba na ufuko, wote wakigombea mahali pamoja. Hiyo ndiyo miezi ya kukopa. Madeni ya mji wa Msambweni yana msimu, kama mahindi yalivyo na msimu.

Mtego unaopendwa na wazee ni dema. Husukwa kwa fito na mianzi, nao una matundu ya pembe sita na mlango ulio mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani, hata samaki akiisha ingia haoni pa kutokea. Mvuvi hulitia dema mawe ili lizame, akaweka ndani chambo cha mwani na vidudu vya baharini vilivyopondwa, akaliteremsha penye majani ya bahari au ubavuni mwa jiwe. Hurudi kesho yake, au siku ya pili, akalipandisha. Humo hupatikana tafi, changu, pono, na pengine chewa mmoja mwenye bahati mbaya. Wazee wengi hawaweki boya juu ya malema yao, kwa kuogopa wezi. Hutazama nchi kavu, wakaulinganisha mnazi fulani na paa fulani, na mnara wa msikiti na kilele cha mti mwingine, na pale mistari miwili inapokutana ndipo dema lilipo. Elimu hiyo haiandikwi popote. Kijana akitaka kuipata hana budi kupiga kasia miaka mingi nyuma ya mzee, akinyamaza.

Wako wengine wanaovua kwa mshipi, kwa nyavu za kutega, na kwa jarife la papa na taa. Wanawake na watoto nao hushuka mwambani maji yakipwa, wakachokoa pweza mashimoni kwa kijiti. Juya, yaani wavu mrefu unaokokotwa mpaka ufukoni na kukumba kila kitu, lilikatazwa na Serikali ya Kenya mwaka 2001, ijapokuwa wako waliokaidi. Habari za juya zitarudiwa hapa chini, maana zinawagusa mama karanga kuliko mtu awezavyo kudhani.

Katika wavuvi hodari wa pwani hiyo, tangu Gazi hata Shimoni, Wasini na Vanga, wamo Wapemba, ambao baba na babu zao walivuka kutoka kisiwa cha Pemba wakifuata samaki. Wengi wao walizaliwa Kenya, wakaoa Kenya, wakazika wazee wao Kenya, lakini hawakuwa na kitambulisho. Mtu asiye na kitambulisho hawezi kupata leseni ya kuvua kwa jina lake, hawezi kufungua hesabu benki, wala kuandikisha simu. Basi mwenye ujuzi wa bahari alikuwa mtumishi katika chombo cha mtu mwingine, na askari akitokea ufukoni yeye ndiye wa kwanza kujificha. Mambo hayo yalidumu mpaka mwaka 2023, Serikali ilipowatambua Wapemba kuwa mojawapo ya makabila ya Kenya. Jirani zao Wamakonde, ambao wazee wao waliletwa kufanya kazi katika mashamba ya katani na ya miwa ya Ramisi, walikuwa wamewatangulia: mwaka 2016 walitoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kudai haki yao, na mwaka 2017 wakapewa vitambulisho. Kijijini Makongeni, karibu na Msambweni, wako Wamakonde wanaochonga vinyago mpaka leo.

Sasa chombo kimerudi. Samaki hupelekwa bandarini, nako kuna mizani na daftari la kikundi cha wavuvi. Hapo bandarini mtu wa kutazamwa ni tajiri. Neno hilo halina maana ya mwenye fedha nyingi tu. Tajiri ni mnunuzi, na mara nyingi ndiye mwenye nyavu, au mwenye mashua, au aliyemkopesha mvuvi fedha za unga wakati wa kusi. Mvuvi aliyekopa hafungwi kwa karatasi wala kwa wakili. Hufungwa kwa ahadi kwamba samaki wake atamwuzia tajiri huyo na si mwingine, kwa bei ya tajiri. Mkulima anayechukua mbolea kwa mkopo na kuilipa kwa mavuno ataielewa habari hiyo bila ya kuelezwa sana. Si haki kumwita tajiri mnyang'anyi, kwa kuwa mtoto wa mvuvi akiugua usiku wa manane, mlango unaogongwa ni wa tajiri huyo huyo, nao hufunguliwa. Lakini si haki pia kusema kwamba mvuvi yuko huru.

Tajiri huchagua kwanza. Kamba, pweza, ngisi, chewa na kolekole hutiwa katika masanduku ya barafu, wakapelekwa Ukunda na Diani kwa ajili ya mahoteli, au Mombasa. Samaki wanaobaki, wale wenye urefu wa kiganja, wenye miiba mingi, au waliochubuka, ndio wanaosukumwa upande wa pili. Upande wa pili wameketi mama karanga, juu ya ndoo zilizopinduliwa, tangu maji yalipoanza kujaa.

Wao hawakosi neno na wavuvi. Mwanamke humwita kijana mwanangu hata kama si wake wa kumzaa, na kijana humjibu kwa adabu.

"Mwanangu, leo umeniwekea nini?"

"Mama, bahari ni kali. Hawa tu, na wa tajiri wamekwisha pimwa."

"Hawa hawajai hata karai."

"Nitafanyaje, mama? Chukua, utanipa kesho."

Katika hilo neno la mwisho ndipo biashara yote inaposimama. Kama tajiri anavyomkopesha mvuvi, ndivyo mvuvi naye anavyomkopesha mama karanga; huchukua samaki asubuhi na kulipa jioni, au kesho yake, akiisha kuuza. Akiwa mwenye kulipa vizuri, hupewa hata siku ya uhaba. Akivunja ahadi mara mbili, ndoo yake itakaa tupu na hapana atakayemtukana, watampita tu.

Kazi yenyewe si ndogo. Samaki hupaliwa magamba, hutumbuliwa, hupasuliwa chanjo mbavuni ili moto uingie, na kupakwa chumvi, pengine na bizari kidogo. Karai huwekwa juu ya mafiga matatu, na kuni hutafutwa mapema, kwa sababu kuni mbichi huharibu mafuta kwa moshi. Samaki wa mama karanga hukaangwa mpaka akauke kabisa, mifupa yake midogo ikatafunika. Wageni wa Diani wangemwona kuwa ameungua, lakini kuna sababu: samaki huyo aweza kulala siku mbili bila ya barafu katika nchi ya joto, akapanda baiskeli hadi vijiji vya ndani kusikotiwa samaki mbichi. Nyumbani kwa kibarua, sima na mchicha na kipande kimoja cha tafi mkavu ndicho chakula cha jioni. Nyama ya ng'ombe huliwa siku ya harusi au ya hitima.

Ikiwa kuna jambo ambalo wasemaji wa maendeleo hulisahau, ni hilo. Samaki bora wa Msambweni huliwa na mgeni. Yule duni, ambaye hakuna hoteli imtakaye, ndiye anayewapa watoto wa Kwale nyama mwilini, na anayemfikisha kwao ni mwanamke mwenye karai.

Mama karanga hupiga hesabu ya mambo manne: samaki, mafuta, kuni na siku. Mafuta ndiyo yanayomtesa zaidi. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipozuia mafuta ya alizeti, na nchi ya Indonesia ilipokataza kwa majuma kadhaa kuuza nje mafuta ya mawese, bei ya mafuta ya kupikia ilipanda kote Kenya mpaka watu wakashika vichwa. Mwanamke wa Msambweni ambaye hajafika hata Nairobi alijikuta akilipia amri iliyotolewa Jakarta. Hakuweza kupandisha bei ya kipande cha samaki, maana mnunuzi wake ni kibarua. Alichoweza ni kuyatumia mafuta yale yale siku nyingine moja, kisha nyingine. Jambo hilo si zuri kwa afya, wala yeye hahitaji kuambiwa.

Miaka miwili kabla ya hapo, biashara yake ilikuwa karibu kufa. Mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Serikali ilipiga marufuku watu kutembea kuanzia saa moja usiku hata alfajiri, na mwezi wa Aprili ikafunga njia za kuingia na kutoka Kwale, Kilifi na Mombasa. Mahoteli ya Diani yalifungwa. Mtu angedhani kwamba samaki wazuri sasa wangewaangukia wenyeji kwa bei ndogo, na kwa kiasi ndivyo ilivyokuwa. Lakini mama karanga ni mchuuzi wa jioni. Mteja wake hutoka kazini saa kumi na moja, na hununua samaki kuanzia magharibi. Saa moja ilipokuwa mwisho wa kutembea, karai na askari wa doria vilikutana njiani. Aidha mteja mwenyewe, aliyekuwa mhudumu au mtunza bustani katika hoteli, alikuwa hana kazi. Watu wazima walisema kwamba walikuwa wameona jambo kama hilo mara moja tu, baada ya fujo za Likoni za Agosti 1997, wageni walipoikimbia pwani nzima.

Kazi nyingine za mji zitatajwa upesi. Wanawake hushona makuti ya kuezekea, na mengi huishia juu ya mapaa ya mahoteli. Wagema hupanda minazi asubuhi na jioni. Huko Gazi, ambako zamani miti ya mikoko ilikatwa boriti za kupelekwa Arabuni mpaka biashara hiyo ilipokatazwa mwaka 1982, wanakijiji hulinda hekta 117 za mikoko na kulipwa kwa hewa chafu ambayo miti hiyo huizuia. Mpango huo, uitwao Mikoko Pamoja, ulianza mwaka 2013, na fedha zake zimetumika kwa maji na kwa shule. Kule Kibuyuni, karibu na Shimoni, wanawake hulima mwani baharini kwa vigingi na kamba, wakivuna wakati wa bamvua. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, kingine kikajengwa miaka mingi baadaye; machimbo ya madini ya titani yaliyoanza kusafirisha mchanga wake mwaka 2014 yalifungwa mwishoni mwa 2024, na watu wengi wakarudi nyumbani. Mtu akiachishwa kazi bara hurudi shambani. Hapa hurudi baharini, na bahari iliyo ndani ya mwamba haikuongezeka upana.

Ndiyo maana samaki wanapungua, na zaidi ya kupungua wanakuwa wadogo. Wazee wa dema husema hivyo, na wataalamu waliopima samaki kwa rula wamekubaliana nao. Dawa zilizopendekezwa ni kuzuia juya, kuacha baadhi ya mahali bila ya kuvuliwa, na kulitengeneza dema upya: penye pembe yake huachwa mwanya mwembamba, ili samaki mchanga aweze kupenya na kwenda zake akakue. Dema hilo limejaribiwa katika pwani ya Kenya, na mvuvi hapati hasara kubwa, kwa sababu samaki anayetoka si yule wa kumwuzia tajiri.

Lakini samaki anayetoka ni wa nani? Ni wa mama karanga. Tafi wa kiganja ndiye mtaji wake. Juya lilipokatazwa, yeye ndiye aliyekosa ndoo yake kabla ya mtu mwingine yeyote, maana wavu ule mbaya ulikuwa ukileta vidogo vingi kwa bei ndogo. Mtaalamu husema kweli anaposema kwamba samaki akiachwa mwaka mmoja atakuwa na uzito mara nyingi zaidi. Mwanamke naye husema kweli akijibu kwamba huyo akikua atakuwa wa hoteli, wala hatarudi kwenye karai lake. Hapa hapana mjinga. Liko swali la nani atakayengoja, na atakula nini wakati wa kungoja.

Sheria ya vikundi vya pwani iliyotolewa mwaka 2007 ilifanya jambo la busara: iliwahesabu wachuuzi kuwa wanachama pamoja na wavuvi, na kuwapa wanawake viti katika kamati. Kwa hiyo mama karanga ana haki ya kuketi mkutanoni. Kuketi ni jambo moja. Mikutano huitishwa saa ambazo mavuvi yamerudi na mizani inafanya kazi, na mwanamke akiacha ndoo yake kwenda kusikiliza hotuba, samaki watachukuliwa na mwenzake. Akienda, mara nyingi hukuta kwamba maneno yamekwisha semwa na wenye vyombo. Ingekuwa haki wakati wa kugawa mikopo ya nyavu na mashine za boti kukumbuka pia sanduku la barafu kwa wakaangaji, ili wanunue samaki wakubwa wachache siku ya wingi na kuwakata vipande, badala ya kutegemea vidogo kila siku. Wako ambao wameanza kufanya hivyo kwa fedha za chama: wanawake kumi hutoa kidogo kila juma, na kila juma mmoja wao huchukua zote. Wako pia wanaonunua samaki wa barafu kutoka Mombasa wakati wa kusi, ijapokuwa mteja wa Msambweni humtambua mara moja na kuuliza ni wa bahari gani.

Saa kumi na moja jioni moshi huanza kupanda katika vichochoro vya mji. Watoto hutumwa na sarafu na sahani. Mwenye kazi hununua vipande viwili, asiye na kazi huomba aandikwe, na mama karanga humwandika, kwa kuwa mumewe mtu huyo ni mvuvi na kusi haidumu. Karai la mwisho huinuliwa motoni baada ya sala ya isha. Vipande vilivyobaki hutengwa mafungu mawili, moja la kuuza asubuhi pamoja na muhogo, na moja la nyumbani. Kisha mwanamke hutazama mwezi, apate kujua kesho maji yatajaa saa ngapi.